Ukingo wa Mwanga

Mchana wa jua kali, kuku wenyewe wakiwa wamejibanza kivulini na kuacha midomo wazi, mimi nilikuwa nimejifungia gizani. Ghala letu la asali halina dirisha. Mlango nilikuwa nimeuziba kwa khanga kuukuu, na ule mwanya wa juu, ukuta unapoachana na bati, nikauchomeka magunia. Mbele yangu palikuwa na ukuta niliousiriba chokaa siku iliyotangulia, na juu ya ukuta huo nilikuwa nawasha miezi, mmoja baada ya mwingine.

Mwezi wa kwanza ulikuwa mdogo, tena wa pembe nne, mkali kiasi cha kuumiza jicho. Nje yake hapakuwa na kitu. Giza lilianza pale pale, kama shimo linavyoanza kwenye mdomo wake. Wa pili ulikuwa mpana lakini umechoka, rangi ya maziwa yaliyotiwa maji, una mabaka kama ngozi ya mtoto aliyepona surua. Wa tatu ndio ulionikalisha juu ya debe nikatazama. Ulikuwa na kiini katikati, si kikali sana. Kiini kikazungukwa na ukungu laini, na mbali zaidi, karibu kugusa kona za ukuta, ukungu ule ukaishia kwenye duara hafifu lililoviringika vizuri kama ukingo wa chungu. Tochi iliyoutoa haikuzidi kidole gumba changu.

Nilipewa zote tatu na Bwana Abasi, muuza vifaa mjini Tabora ambaye kila msimu hununua asali yetu. Alinifungia kwenye gazeti akasema, "Kazijaribuni huko Kigwa. Itakayompendeza mzee ibaki, nyingine mnirudishie. Ila taratibu, binti, hizi si zile tochi za babu zako za kupigwa makofi ndipo ziwake." Mkewe, Bi Mwanne, alikuwa akipanga betri kwenye rafu. Alinitazama juu hadi chini akasema kwamba, nikichoka na shamba, kwake kazi haikosekani. Nililikumbatia furushi langu nikatoka. Lakini njia nzima ya kurudi maneno yake yalinitembea mwilini kama siafu.

Kwa kweli tangu nirudi kutoka Lusu, nilikokuwa nimeolewa, sikuwa na mahali pa kuituliza miguu yangu. Mume aliniletea mke mwenza ndani bila hata kukohoa mlangoni. Nikanyoa nywele, nikafunga mzigo, nikarudi kwa wazazi. Mama alinipokea kwa kilio na uji. Baba alisema, "Karibu," uso wake umeelekea kwenye miti. Tangu siku hiyo hakunitazama. Nikimsalimu aliitikia, lakini marahaba yake ilipita juu ya kichwa changu ikaenda kutua mbali, kwa mtu nisiyemwona. Nikipita alitazama mbele. Nikimpelekea jagi la maji ya kunawa, alinyoosha mkono kwenye hewa tupu, kisha akasema kwa ukali, "Weka hapo. Nitanawa mwenyewe." Mwanamke aliyerudi nyumbani ana masikio marefu, husikia hata yasiyosemwa. Mimi nilisikia kwamba nimemwaibisha. Nikapanga, kimoyomoyo, kwamba nikienda kurudisha tochi mjini sitarudi tena.

Kabla ya hapo, hata hivyo, tochi ilipaswa kuchaguliwa, na ichaguliwe vizuri, maana msimu uliopita baba alianguka.

Baba yangu, Vedasto, ni mrina asali. Si yule wa kufuga nyuki uani na kuvaa kofia ya wavu, ni mpandaji. Mizinga yetu ya magogo imening'inia juu ya miti ya mitundu huko msituni, na mizinga haifuatwi jua likiwaka. Hufuatwa giza linapoingia, nyuki wakiwa wamerudi na kutulia. Mpandaji huenda na kamba, ndoo, kienge cha kutoa moshi, na tochi iliyofungwa nailoni nyekundu. Nyekundu nyuki hawaijali. Lakini mwanga mweupe ukipenya, hata kidogo, wanaupanda kama ngazi hadi kwenye mkono ulioushika. Msimu huo nilikuwa bado Lusu. Nilisimuliwa kwamba baba alikanyaga pembeni ya tawi alilolikanyaga miaka yote, akashuka na matawi, akavunjika ubavu. Wote walisema ni tochi. Yeye mwenyewe alisema ni tochi. Mama akaichukua tochi ile mbaya akaitumbukiza chooni ikiwa inawaka, na watoto wa jirani wakawa wanakuja kuchungulia choo chetu kama watu wanaokwenda kutazama sinema.

Kwa hiyo nilifanya kazi yangu bila haraka. Nilichora mstari sakafuni ili tochi zote zisimame umbali mmoja. Nilisimamisha mwiko mbele ya ukuta, nikawasha mbili kwa pamoja, na mwiko ukatoa vivuli viwili. Kivuli kilichotokana na tochi dhaifu kilikuwa hafifu kama doa la chai. Nikaisogeza nyuma ile yenye nguvu mpaka vivuli vikalingana weusi. Hivyo nikajua ipi inaishinda mwenzake, na kwa kiasi gani. Nikachukua mkaa nikazungushia kila mwanga pale unapokoma. Ule wa pembe nne ulikuwa mdogo, haukuzidi sahani. Wa mabaka ulifika kama ungo. Wa kidole gumba ulienea karibu ukuta wote.

Ndipo nikaenda kumwita baba.

Alikuja. Ghala hili alilijenga yeye kwa mikono yake, udongo akaukanyaga yeye, na bado alipoingia bega lake liligonga mwimo wa mlango. Akasonya. Nikamkalisha kwenye debe, nikashusha khanga, giza likarudi.

"Tazama, baba. Hii ya kwanza." Nikawasha ile ya pembe nne.

"Ahaa!" alisema. "Hiyo ndiyo tochi. Hata chui atasimama."

"Hatuendi kumtafuta chui. Tazama hii." Nikawasha ya kidole gumba.

Alisogeza kichwa mbele. "Hiyo imefifia. Lakini ukubwa ni ule ule."

"Ukubwa upi, baba?"

"Wa mwanga. Kimekuwa kile kile kisahani, ila kimefifia."

Nilidhani ananikatisha tamaa kama kawaida. Nikatazama ukuta: mwanga ulikuwa umelala juu yake kuanzia kona hadi kona, chokaa yote ikiwa nyeupe, hata buibui aliyekuwa juu karibu na bati alionekana miguu. Nikasema taratibu, "Nionyeshe unapoishia."

Alinyanyuka, akaenda ukutani, akarudi nyuma hatua moja ili aone, akanyoosha kidole. Alichora duara dogo kuzunguka kiini. Halikuzidi mkate wa duara. "Hapa," alisema. "Kwani wewe unaona wapi?"

Niliwasha ile ya mabaka. Akachora pale pale. Nikajiambia, labda amechoka. Labda ametoka juani, macho hayajazoea. Lakini mimi sina tabia ya kuliacha jambo likiwa limesimama kwa mguu mmoja. Nilirudisha ile tochi ndogo, nikaiweka juu ya gunia ili imulike yenyewe, nikamwomba akae tena na kutazama kiini tu, asigeuze shingo. Kisha nikanyanyua mkono wangu kwenye ukingo wa mwanga, upande wa kulia. Kivuli cha vidole vyangu kilikuwa kikubwa ukutani kama jogoo.

"Unaona nini, baba?"

"Mwanga."

Nikausogeza mkono. Jogoo akatembea. "Na sasa?"

"Mwanga tu. Unanichezea, Julieth?"

Nikausogeza tena, tena, hadi kivuli kikaanza kukigusa kiini chenyewe. Baba akashtuka, akarudisha kichwa nyuma kama mtu aliyetokewa na kitu. "Huo mkono umetoka wapi?"

"Ulikuwapo," nilisema.

Nje treni ya mizigo ilipita, mabehewa yakihesabiana kwa vishindo, na vumbi jembamba likadondoka kutoka kwenye bati na kumeta ndani ya mwanga. Mimi nililiona lote likishuka. Sijui yeye aliliona kiasi gani. Halafu baba alisimama, akaupapasa mlango, akasema kwa sauti ya mtu mwenye shughuli nyingi, "Chagua wewe. Zote ni tochi." Akatoka.

Nilibaki gizani na mwanga wangu. Kichwani mambo yalianza kujipanga bila kuulizwa, kama kondoo wanavyoingia zizini mmoja akishaingia. Michubuko ya mabegani mwa baba. Kuku aliyemkanyaga. Baiskeli ya watu aliyoipitia ubavuni sokoni, watu wakasema amelewa, naye hajui hata harufu ya gongo. Majirani waliolalamika kwamba Vedasto siku hizi ana majivuno, anapishana na wenzake kama anapishana na visiki. Na jagi la maji. Hilo ndilo lililonifanya nikae chini.

Kwetu mtoto hamtokei mzazi usoni. Mama alinifundisha hivyo nikiwa bado naburuta khanga: njoo kwa pembeni, inama, piga goti, ongea kwa sauti ya chini. Binti mwenye adabu huja kama kivuli cha alasiri. Na mimi, nilivyorudi na aibu yangu, nilizidisha. Nilikuja kwa pembeni zaidi, nikainama zaidi, nikapiga goti mbali zaidi. Kadiri nilivyozidisha heshima, ndivyo nilivyozidi kuingia mle ambamo baba yangu haoni kitu.

Nilimfuata mama jikoni. Bernadeta, mama yangu, alikuwa akisonga ugali, jasho linamtiririka mashavuni.

"Mama, baba huwa unamwekea wapi chakula?"

"Swali gani hilo? Mbele yake."

"Mbele kabisa? Si mkono wa kulia?"

Mwiko ulisimama. "Zamani nilikuwa namwekea kulia," alisema. "Akawa analalamika hajapewa mboga, na mboga ipo. Nikaona ni kununa kwa wazee. Nikaanza kumwekea katikati, amani ikapatikana." Akanitazama. "Kwa nini?"

"Nauliza tu."

"Wewe huulizi tu. Wewe hata ukiwa tumboni ulikuwa unasikiliza." Lakini aliendelea kusonga, kwa nguvu kuliko ugali ulivyotaka, na sikumwona akinyanyua macho tena.

Wakati huo uani palikuwa pamechangamka. Baba mdogo, Xavery, alikuwa amefika na kamba begani na ndoo mkononi. Huyu ni mdogo wake baba, mtu wa utani. Hata msibani huketi mbali na wafiwa kwa kujihofia mdomo wake mwenyewe. Nilipiga goti nikamwamkia.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Mzee yuko wapi? Nimempungia mkono tangu pale kwenye mihogo, kanipita kama askofu kwenye maandamano. Hatazami kulia wala kushoto!" Akacheka. "Leo nasikia kuna tochi ya kisasa. Akianguka tena itabidi tuseme ni mti."

Sikucheka. Jua lilikuwa limeanza kuinama, na baada ya chakula wangeondoka. Mti wa kwanza wa leo, nilijua, ndio ule uliomwangusha. Baba alikuwa ameapa kuanza na huo. Mpandaji akiangushwa na mti hurudi kwake kwanza, la sivyo msimu mzima mikono itamtetemeka. Nilizunguka uani bila kazi. Niliokota kuni nikaziweka pale pale. Nifanyeje? Nikimwambia Xavery, kesho kilabu kizima kitajua, na baba atakuwa kipofu kabla hajawa kipofu. Nikimwambia mama, atapiga yowe. Nikinyamaza, baba atapanda. Na mimi niliyekuwa nimeshaaga moyoni, ningepanda basi la mjini na kuuacha mti ule ukiwa umesimama.

Nilichukua jagi na beseni.

Baba alikuwa amekaa peke yake nyuma ya ghala kwenye kigoda, ananoa panga ambalo halikuhitaji kunolewa. Miguu yangu ilitaka kwenda ilikozoea, kwa pembeni. Nikailazimisha. Nilipita mbele ya uso wa baba yangu kama mtoto asiyelelewa, nikasimama mkabala naye, nikapiga goti karibu kiasi kwamba magoti yangu yaligusa vidole vya miguu yake.

"Karibu unawe, baba."

Alinyanyua macho. Yalinipata. Niliyaona yakinipata, yalisimama usoni kwangu, yakashuka shingoni, yakapanda kichwani, kidogo kidogo, kama mtu anayemulika chumba kwa kijinga cha moto.

"Nywele zako zimekwenda wapi?" aliuliza.

"Nilinyoa, baba."

"Lini?"

"Nilivyotoka Lusu. Masika."

Masika yalikuwa yameshapita, mahindi yameshavunwa, na nywele zenyewe zilikuwa zimeanza kurudi. Aliweka panga chini. Alinyoosha mkono, polepole, akauweka juu ya kichwa changu kama anahakikisha.

"Umekonda," alisema.

"Nimenenepa, baba. Nilivyokuja ndiyo nilikuwa nimekonda."

Akatoa sauti fulani, si kicheko wala si kilio. "Nami nilidhani unanikimbia," alisema. "Kila siku nasikia shikamoo, nikigeuka hupo. Sauti ipo, mtu hayupo. Nikasema, haya, mtoto ana kinyongo na mimi kwa kumwoza kule. Nimwache. Ana haki yake."

Nilimimina maji ili nipate cha kufanya. Yalimwagikia mikono yake na mengine yakaenda chini. "Tangu lini, baba?"

"Jambo hili halina siku yake. Ni kama kuna mtu anakuja ukiwa umelala anausogeza ukuta. Kidogo. Asubuhi unaamka unaona nyumba ni ile ile. Mpaka siku moja ukinyoosha mkono unagusa udongo." Akaikung'uta mikono. "Niseme nini kwa watu? Niseme dunia imekuwa nyembamba? Watasema nimelogwa. Au watasema ninayo yangu niliyoyatenda."

"Usipande leo."

Uso wake ukajifunga. "Ule mti naujua kwa mikono. Siuhitaji macho."

"Na msimu uliopita?"

"Msimu uliopita ilikuwa ni ile tochi."

"Tochi ambayo mama aliitupa ikiwa inawaka?"

Alifungua mdomo. Nilijuta papo hapo, nikainamisha kichwa, nikangoja kofi ama neno. Hakuna kilichokuja. Kwa mbali Xavery alikuwa akimwimbia mama wimbo wa kuomba mnofu, na mama akimtishia kwa mwiko. Baba alikuwa anatazama mikono yake iliyolowa, mkono mmoja, kisha akageuza kichwa, ule wa pili.

"Ukiacha kupanda," alisema mwishowe, "watu hawakuiti tena kwa jina. Wanakuita mzee."

Mimi nami, tangu nirudi, hapakuwa na aliyeniita kwa jina. Nilikuwa yule aliyeachika. Tulikaa hivyo hivyo, yeye kwenye kigoda na mimi chini, maji yakizama mchangani katikati yetu. Magoti yaliniuma lakini sikuthubutu kuyasogeza. Niliogopa kutoka pale nilipokuwa naonekana.

"Wewe ungechagua ipi?" aliuliza.

"Ile ndogo. Ya kidole gumba. Haina ukali, lakini mpandaji anaona mzinga na anaona tawi la pembeni kwa wakati mmoja. Na nailoni inaufunika mwanga wake vizuri. Ile ya pembe nne inatoboa nailoni, kiini chake ni kama sindano."

"Mpandaji anaona tawi la pembeni," alirudia. Akasimama. "Ifunge nailoni."

Alasiri, uani, Xavery alipoanza kujifunga kamba ya baba ili ambebee njiani, baba alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Usiivue. Leo utapanda wewe."

Xavery alibaki na ncha ya kamba mkononi. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na utani tayari. "Mbavu bado zinakusumbua, kaka?"

Baba aligeuza uso kuelekea kwenye miti. Nilimwona mama kwenye mlango wa jikoni, mkono kifuani.

"Ndiyo," alisema baba. "Mbavu." Kisha akaongeza, "Na Julieth anakuja nasi. Atashika tochi ya chini."

"Mwanamke kwenye nyuki?" Xavery alipata pumzi. "Watatukimbia wote, malkia wao ana wivu!"

"Wewe unayenuka vitunguu hawajakukimbia," mama alisema kutoka mlangoni, sauti yake ikiwa si yake. Alikuja, akanifunga shuka mabegani mwangu, akalikaza kwa nguvu, wala hakuniuliza kitu.

Tukashika njia. Xavery mbele kabisa, anapiga mluzi, ndoo inagonga kwenye paja. Mimi nyuma yake. Baba nyuma yangu. Kutoka kwetu kwenda msituni mtu hukatisha ile njia ya kale ya misafara, ambayo sasa ni ukanda tu wa nyasi fupi katikati ya mashamba ya tumbaku, unaojulikana zaidi na mbuzi kuliko na watu. Babu alikuwa akisema kwamba wapagazi wakikutana hapo walitua mizigo chini, hata iwe mizito kiasi gani, ili wasalimiane. Aliyepita na mzigo kichwani bila kutua alihesabiwa kuwa amebeba vita. Sijui kama ni kweli. Lakini nilikuwa natembea nikigeuka kila mara, miguu inanizuia, naogopa asijikwae, naogopa akiniona nikigeuka.

"Usitembee mbele," alisema. "Njoo hapa ubavuni. Kulia."

"Hutaniona, baba."

"Najua. Njoo."

Nikaja. Tukatembea bega kwa bega pale njia ilipopanuka. Jua lilikuwa limeshagusa vichwa vya miti na kila kitu kilikuwa na kivuli kirefu.

"Hiyo safari ya kurudisha tochi," alisema, macho mbele. "Ni lini?"

"Nilitaka iwe Jumatatu."

"Tutakwenda wote. Pale mjini, hospitalini, si wana watu wa macho?"

"Wanao."

"Basi." Tukaenda kidogo. "Sasa nieleze. Upande huo wako kuna nini?"

Niliangalia, na nikashindwa pa kuanzia. Kulikuwa na tumbaku iliyokwisha kuvunwa, mabua tu. Kulikuwa na mbuzi wa watu. Kulikuwa na moshi unainuka kwenye tanuri, na nyuma yake anga limekuwa rangi ya asali ya mwanzo. Nilianza na mabua, nikarukia moshi, nikarudi kwa mbuzi, naye akawa anaitikia kwa kichwa, mm, mm, kama mtu anayepewa habari za ugenini.

"Na kuna mtu," nilisema.

"Nani?"

Alikuwa Mwalimu Anselm, katekista wa kigango chetu, amesimama kando ya shamba na baiskeli yake. Alitusikia tukija, akageuza uso upande wa pili. Huyu siku ya Pasaka alimnyooshea baba mkono wa amani kanisani, kutoka pembeni ya benchi, mbele ya waumini wote, ukabaki hewani mpaka akauteremsha mwenyewe. Hajamsemesha baba tangu hapo, na siku ya kutembelea nyumba huiruka ya kwetu.

"Ni Mwalimu Anselm, baba."

Alisimama. "Ananitazama?"

"Hapana."

"Amesimama wapi? Usimnyooshee kidole. Niambie tu."

"Geuka. Zaidi. Zaidi kidogo. Hapo."

Baba aligeuka mwili mzima, kama lango zito linavyogeuka, mpaka kifua chake kikaelekeana na mgongo wa yule mtu. Akayatuliza macho. Kisha akatua ndoo ya akiba aliyokuwa ameibeba, akaiweka chini kabisa kwenye nyasi fupi, akavua kofia.

"Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu," alisema.

Mbele, mluzi wa Xavery ulikatika. Mgongo wa Mwalimu Anselm haukusogea. Gurudumu la mbele la baiskeli yake tu lilizunguka kidogo, taratibu, njiti zake zikishika jua na kuliachia. Salamu ile ina jibu moja, na katekista amelifundisha kwa kila mtoto wa kijiji hiki, mimi nikiwemo. Nilihisi mkono wa baba unatafuta wangu hewani, ukanikosa, nikausogeza mwenyewe hadi ukaupata.

"Amegeuka?" alininong'oneza, naye anatazama moja kwa moja mbele.

"Bado, baba," nilisema. "Endelea kutazama hapo hapo."